Mwaloni asubuhi, botini jioni: wapi pa kupigia picha ndege wa ziwa wakiruka hapa Mwanza

Kila mwenye kamera anayetaka kupiga picha za ndege hapa Mwanza huanza na lenzi: ninunue ya milimita 400, au nijikaze nifike 600? Swali hilo lina wakati wake, lakini mimi huwa nalijibu kwa swali: utasimama wapi? Shakwe anayepita mita kumi mbele yako hahitaji lenzi ya mamilioni. Furukombe aliye mita mia mbili, hata hiyo 600 itakuletea nukta yenye mabawa, na ukiikuza kwenye kompyuta utapata nukta kubwa zaidi.

Kwa hiyo ninacholinganisha kwanza ni mahali. Upande mmoja kuna mwalo, nchi kavu palipo na samaki, watu na kelele. Upande wa pili kuna boti, mtumbwi wa injini unaoukodi ukawafuata ndege walipo. Kisiwa cha Saanane na kivuko cha Kamanga nitavigusa kwa kuwa wengi huviulizia, halafu tuje kwenye lenzi na mipangilio ya kamera.

Msimamo wangu nausema mapema: asubuhi simama mwaloni, jioni panda boti. Ukigeuza ratiba hiyo utarudi nyumbani na ndege walewale, ila wote weusi na wote wamekupa mgongo.

Jua na upepo

Jiji letu limekaa upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza. Ukisimama Kirumba, au pale karibu na Mwamba wa Bismarck, maji yako magharibi yako. Jua linachomoza nyuma yako, juu ya vilima vya mawe, kati ya saa 12:20 na saa 1 asubuhi kutegemea mwezi. Ndege aliye juu ya maji anapigwa na mwanga usoni: jicho linaonekana, manyoya ya chini ya bawa yanaonekana. Jioni mambo yanapinduka. Jua liko mbele yako, ndege yuko katikati, unabaki na kivuli chake. Picha ya kivuli ina uzuri wake, lakini ukishapiga moja, ya pili ni ileile.

Upepo nao una ratiba. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo alfajiri hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapanda, ardhi inapata moto kuliko ziwa, mkondo unageuka, na kuanzia mchana upepo unatoka ziwani, aghalabu kaskazini au kaskazini-magharibi. Wenye mitumbwi ya tanga wameitumia ratiba hiyo miaka yote: upepo wa asubuhi unawatoa, wa mchana unawarudisha.

Mpiga picha inamhusu nini? Ndege huanza kuruka akiukabili upepo, na hutua akiukabili upepo. Mdiria anayesimama hewani akitafuta samaki naye huukabili upepo. Asubuhi ukiwa mwaloni, upepo unakuja kutoka mgongoni kwako, kwa hiyo ndege anayeshuka kwenye maji anashuka akikutazama. Jua nyuma yako, upepo nyuma yako, ndege uso kwa uso nawe. Jioni aliyesimama mwaloni amekosa vyote viwili kwa mpigo. Aliyevipata ni yule aliye ndani ya ghuba kwenye boti, amelipa jua mgongo na kuitazama nchi kavu.

Siku za mawingu jua halina upande, ila upepo unabaki na sheria yake. Na miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, pepo za kusini-mashariki hukaza, jambo linalomsaidia zaidi aliye nchi kavu asubuhi.

Mwaloni

Nikisema mwalo, wengi hufikiria Kirumba, na hawakosei. Soko la Mwaloni Kirumba linapokea dagaa na samaki wakavu wanaosafirishwa hadi nchi jirani, na palipo na samaki kiasi hicho ndege hawahitaji kuitwa. Korongo wafukoshingo wamesimama juu ya mabati na kwenye jaa. Mwewe wanazunguka juu. Yangeyange na kwarara wanatembea katikati ya miguu ya watu. Majini wapo shakwe wenye kichwa cha kijivu, wakazi wa ziwani mwaka mzima, na kati ya Oktoba na Aprili huongezeka wageni kutoka kaskazini, hasa buabua wenye mabawa meupe wanaookota wadudu juu ya maji bila kuzama.

Faida kubwa ya mwalo ni kwamba ndege wana ratiba ya kazi za watu, na kazi za watu unaweza kuzisoma. Usimwangalie ndege. Mwangalie mama anayepaa sato. Magamba yanaruka, kisu kinapasua tumbo, matumbo yanaingia kwenye beseni. Beseni likijaa atainuka, atajifuta mikono kwenye khanga, ataelekea majini. Hapo ndipo unapoinua kamera, kabla hajamwaga, maana shakwe nao walikuwa wanamtazama na wameshaanza kujiinua. Ukisubiri matumbo yaguse maji umechelewa: watakuwa lundo la mabawa, kamera haijui ishike lipi.

Mwewe ni somo jingine, tena kwa maoni yangu ndiye ndege bora wa kujifunzia hapa mjini. Yuko kila siku, hana woga, na mkia wake hupinda kushoto na kulia ukikuonyesha anakotaka kwenda kabla hajaenda. Akinyakua dagaa kwenye kichanja hatui kula. Anapanda kidogo, analeta mguu mbele, anainamisha kichwa na kula hewani. Picha hiyo, kucha na mdomo vimekutana kwenye dagaa mmoja, inapatikana Kirumba kwa lenzi ndogo kabisa. Sijui kwa nini watu wanaisafiria mbali.

Ubaya wa mwalo ni usuli. Nyaya za umeme, mabati, milingoti, ndoo za plastiki; kila ukimpata ndege vizuri kuna kitu kimeota kichwani mwake. Dawa ni kusogea ukingoni mwa mwalo hadi nyuma ya ndege kuwe na maji matupu, hata kama pale ndege ni wachache. Na kwa kuwa mara nyingi wewe uko chini na ndege yuko juu, utapiga matumbo mengi dhidi ya mbingu nyeupe. Vumilia hadi wateremke.

Halafu kuna watu. Mwalo ni mahali pa kazi, tena kazi inayokaguliwa. Mtu mwenye kamera kubwa anafikiriwa kuwa mkaguzi au mwandishi kabla ya kufikiriwa kuwa mpenda ndege. Pitia kwanza kwa viongozi wa mwalo ujitambulishe. Kisha salimia, na ukijua salamu ya Kisukuma itumie.

“Mwangaluka, mama.”

“Mwangaluka. Picha za nini tena, mwanangu?”

“Za hawa ndege, mama.”

“Hao wezi? Wapige tu, ila mimi usinitie.”

Usimtie. Ukinunua sato wawili wakati wa kuondoka, kesho yake utatafutiwa pa kusimama.

Mialo midogo kama Igombe au Luchelele inapendeza zaidi kwa macho: mchanga, mawe, matete, usuli safi. Ndege hawajai kama Kirumba, lakini kwa mdiria wa madoa meusi na meupe ningeichagua. Yeye husimama hewani juu ya maji kina kifupi, kichwa kimetulia kabisa huku mabawa yakipiga, mdomo umeelekea chini. Sekunde hizo chache zinaipa kamera yoyote, hata ya zamani, nafasi ya kushika fokasi. Shida inaanza anapojiangusha.

Botini

Boti inakupa vitu viwili ambavyo mwalo hauwezi. Cha kwanza ni kimo: ukikaa ndani ya mtumbwi, jicho lako liko kama mita moja juu ya maji, sawasawa na mnandi anayepita chini akikaribia kugusa mawimbi. Usuli wake ni nchi kavu iliyo mbali, imeyeyuka kuwa rangi tu. Cha pili ni uhuru wa kuchagua upande. Jua likihamia, mwambie nahodha ahame.

Jioni ndiyo boti inalipa. Minandi wanarudi kwenye miamba kulala, kwa mistari mirefu, mmoja nyuma ya mwingine. Jua la magharibi linapiga mawe ya Mwanza na nyumba za mlimani hadi zinakuwa za dhahabu, na hizo ndizo usuli wako. Saa moja ya mwisho ya mwanga ina kazi kuliko mchana mzima. Tena maji yenyewe yanarudisha mwanga juu, yanamulika tumbo la ndege ambalo saa 7 mchana, jua likiwa utosini, lingekuwa jeusi tii.

Na kuna furukombe, tai mla samaki. Hapa mwalo hausemi kitu. Yeye hukaa juu ya mti au mwamba ulio kando ya maji, kifua cheupe kinaonekana kutoka mbali, na anataka utulivu. Nahodha anayemjua atazima injini mapema na kuacha mtumbwi usogee wenyewe. Mtazame mkao: akiinama mbele, akilegeza mabawa, na mara nyingi akijisaidia, basi yuko njiani kuruka. Anza kupiga hapo, mfululizo, usisubiri aachie tawi. Akishuka kwa samaki hazami; anatanguliza miguu, anakwangua uso wa maji, anapanda. Tukio zima ni la sekunde chache.

Manahodha wengine watakuambia wanaweza kumwita kwa kumrushia samaki. Inafanya kazi, na picha nyingi za furukombe unazoziona zimepatikana hivyo. Mimi nina masharti: samaki mmoja au wawili mbichi, bila ndoano, na bila povu la plastiki la kumfanya samaki aelee, kwa sababu tai hula na hilo povu. Msimu akiwa na makinda, muache.

Sasa gharama, na hapa ndipo wengi hurudi mwaloni. Kwenye boti unalipia nahodha na mafuta, ndege waje wasije. Mkiwa watatu mnagawana vizuri. Mkizidi wanne, kila anayegeuka anatikisa wenzake na lenzi zinagongana. Upepo uleule wa jioni unaokugeuzia ndege ndio unaoinua mawimbi, na mawimbi ndani ya mtumbwi mdogo yanamaliza uwezo wa lenzi yoyote kujituliza. Usiegemee ubao wa mtumbwi wakati injini inaunguruma, mtetemo utaingia mikononi. Kaa, bana viwiko mbavuni, acha kiuno ndicho kifuate wimbi. Jaketi okozi vaa kabla ya kuvaa kamera. Mawingu meusi yakianza kujikusanya, nahodha akisema turudi, mnarudi.

Kitu kimoja cha kujivunia kuliko wenzetu wa pwani: maji yetu hayana chumvi. Kamera ikirushiwa matone, ifute kwa kitambaa kikavu, hailiwi na kutu kama ya bahari. Mchanga na vumbi la dagaa mwaloni ndivyo vinavyoua lenzi hapa, kwa hiyo usibadilishe lenzi karibu na vichanja.

Saanane

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ilipata hadhi hiyo mwaka 2013, ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu, na boti yake ni ya dakika chache kutoka mjini. Kuna pimbi, kuna mawe mazuri, kuna kivuli. Ni pazuri kwa familia na kwa ndege waliotua. Kwa ndege wanaoruka sipachagui: miti inawaficha, na unategemea saa za boti ya hifadhi badala ya saa za jua. Ukienda, panda kwenye mwamba unaoangalia maji, ukae hapohapo.

Lenzi ipi kwa mahali papi

Ukichagua mwalo, lenzi ya 70-300 kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea picha) inatosha kabisa. Kwenye Nikon au Sony za aina hiyo, 300 inaona kama 450 ya sensa kubwa. Kwenye Canon kama 480. Ni nyepesi, unaigeuza haraka, na haitishi watu. Kirumba kuna wakati hata 300 ni ndefu mno, korongo mfukoshingo akifungua mabawa yanayofikia mita 2.5 mbele yako, utamkata ncha. Hapo ndipo utafurahi una 70.

Ukichagua boti, 100-400 ndiyo mahali pake. Zile za 150-600 za Sigma na Tamron zinafika mbali zaidi kwa bei inayoeleweka, ila zina uzito wa karibu kilo 2, na ndani ya mtumbwi unaoyumba kilo 2 zinaongezeka kila dakika. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani, botini haina kazi. Mwenye mkono wa nguvu na subira anunue 600 kwa ajili ya furukombe; asiyejua bado anapenda nini aanze na 400. Canon wana RF 100-400 ya gramu 635 tu. Tundu lake la kupitishia mwanga ni dogo, f/8 kwenye 400, lakini kwa jua la Ziwa Viktoria hilo halinisumbui hadi dakika za mwisho za jioni.

Kamera za zumu ndefu isiyobadilishwa, kama Nikon P1000 inayofika sawa na milimita 3000, zinavutia sana dukani. Kwa furukombe aliyetulia juu ya mti sawa. Kwa buabua anayekata kona, kumpata tu kwenye kioo ni kazi, na fokasi yake haiendi kwa kasi hiyo. Usinunue kwa kazi hii.

Kuhusu kamera yenyewe: mpya zisizo na kioo cha ndani hutambua jicho la ndege na kulifuata, na botini, ndege mmoja na usuli safi, ni msaada mkubwa. Mwaloni msaada huo hupungua. Ndege ishirini wakipishana, kamera inarukia jicho la jirani. Ndiyo maana simcheki mtu mwenye Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 au Nikon D500 ya 2016 aliyoinunua mtumba. Zote mbili hupiga picha 10 kwa sekunde na bado zinashika. Ukitumia zile mpya, uwe mwangalifu na shata (pazia linalofungua na kufunga njia ya mwanga) ya kielektroniki: kwenye baadhi, Canon R7 ikiwa mojawapo, bawa linalopiga haraka hutoka limepinda kama limeyeyuka. Tumia shata ya kawaida.

Mipangilio

Mwaloni asubuhi mwanga ni mmoja, hubadilika taratibu, kwa hiyo weka kila kitu kwa mkono. Jua likishapanda vizuri, anza na tundu la f/8, ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na shata ya sekunde 1/2000 kwa shakwe na yangeyange. Weupe wao ndio unaokupa shida: ukiiachia kamera ijipange ndege akiwa juu ya maji meusi, itaongeza mwanga na manyoya yataungua, hutaona hata mstari mmoja. Akija mwewe au mnandi, shusha shata hadi 1/1000 au panda ISO 800. Mdiria anapojiangusha, 1/3200 na kuendelea.

Botini mtumbwi unageuka, mwanga unageuka nao. Hapo naishikilia shata kwenye 1/2500, f/6.3 au tundu kubwa kuliko yote lenzi inayoruhusu, ISO naiacha ijipange yenyewe, na gurudumu la kuongeza na kupunguza mwanga linakaa chini ya kidole gumba: juu hatua moja ndege mweusi akiwa mbele ya mbingu, chini kidogo ndege mweupe akiwa mbele ya maji. Fokasi iwe ya kuendelea, eneo la ukubwa wa kati badala ya nukta moja, la sivyo kila wimbi litaiiba.

Kuanzia saa 4 hivi asubuhi hadi saa 9 alasiri pumzika, popote ulipo. Hewa juu ya maji na mawe yenye moto inacheza, na ndege wa mbali anatoka ukungu hata ukiwa na lenzi ya bei ya gari.

Kwa asiye na pesa ya boti

Kivuko cha Kamanga. Alasiri vuka kwenda upande wa Kamanga, nauli ni ya abiria wa kawaida. Ukishuka, uko magharibi mwa ghuba: jua la jioni liko mgongoni kwako na unatazama Mwanza, mwanga uleule ambao mwenye boti anaulipia. Unachokosa ni kimo cha jicho, na furukombe hutamsogelea. Njiani, kwenye kivuko chenyewe, mwewe na shakwe wakati mwingine hupita usawa wa ubavu wa meli. Kaa upande usio na jua mbele. Kwenye magati usielekeze kamera kwa vyombo vya usalama wala majengo, na ukiambiwa funga, funga bila ubishi. Na kabla hujaanza kutembea ufukweni ukitafuta ndege, ulizia kwenye dirisha la tiketi kivuko cha mwisho cha kurudi kinaondoka saa ngapi.